Kula usiku Lubumbashi: michopo, malewa, shawarma au mkahawa wa hoteli?

Mgeni aliyezunguka Lubumbashi mchana kutwa, kutoka Makumbusho ya Taifa hadi kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kutoka bustani ya wanyama hadi ziwa la upande wa mtaa wa Golf, akifika saa mbili usiku bila kula ana njia tano mbele yake. Kuna nyama ya mbuzi ya makaa, ambayo hapa ndiyo michopo. Kuna malewa, vibanda vya bukari (ndiyo ugali wa hapa) na mboga. Kuna migahawa ya katikati ya mji, mingi ikiwa ya Walebanoni na Wahindi, penye shawarma: nyama inayozunguka kwenye mkuki wa moto, ikakatwa na kutiwa ndani ya mkate. Kuna mkahawa wa hoteli. Na kuna kununua vitu dukani akale chumbani.

Wengi huanza kwa kulinganisha bei au vyakula. Kwa chakula cha usiku hapa, huko ni kuanzia mwisho. Yapo maswali mawili yanayotangulia: sasa ni saa ngapi, na nitarudi nilikofikia kwa chombo gani? Ukiyajibu hayo, njia tatu kati ya tano zitakuwa zimejiondoa zenyewe.

Saa inavyoamua

Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala arudishe mshale nyuma saa moja. Lubumbashi inafuata saa moja na Lusaka na Goma. Simu isiposhika mtandao wa hapa huendelea kuonyesha saa ya nyumbani. Mtu anaona saa nne usiku kumbe ni saa tatu, anakimbilia hotelini kula cha ghali wakati makaa ya mtaa wa Kamalondo ndiyo kwanza yamekolea.

Milangoni saa zimeandikwa kwa mtindo wa Kifaransa: 21h ni saa tatu usiku, 22h ni saa nne. Mhudumu au dereva akikutajia saa kwa mdomo, hakikisha kwa tarakimu, kwa sababu mjini wapo wanaohesabu Kiswahili na wapo wanaohesabu Kifaransa katikati ya mazungumzo ya Kiswahili. Kosa la saa sita linaeleweka haraka, lakini kwa dereva unayemtegemea akurudishe ni bora lisitokee.

Kwa nini majiko ya katikati yafunge mapema na ya mitaani yachelewe? Jibu liko kwenye ramani. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville na ukapangwa kwa ubaguzi: Wazungu katikati, wafanyakazi Waafrika pembeni, ukanda mtupu ukiwatenganisha. Hata leo wapishi na wahudumu wengi wa katikati hulala kwenye mitaa ya Katuba, Kenya (mtaa wa hapa, si nchi), Ruashi au Kampemba, nao lazima wapate teksi-basi kabla hazijapungua barabarani. Ndiyo maana mlango ulioandikwa 22h unaweza kuwa na jiko lililozimwa nusu saa au saa nzima kabla. Kilichobaki wazi ni baa tu. Mchoma nyama wa Kamalondo hana haraka hiyo. Anaishi karibu na moto wake, na wateja wake huongezeka kadiri usiku unavyokwenda.

| Njia | Saa inayofaa | Kungoja | Kinachoharibika kwa kawaida |
|---|---|---|---|
| Michopo | saa moja hadi karibu saa tano | dakika 10 ikiwa imeshaiva, 30 hadi 40 ikianzia mbichi | bei isiyopatanwa mapema, usafiri wa kurudi |
| Malewa | kabla ya saa mbili | unapakuliwa papo hapo | bukari iliyopoa, mboga ya mchana |
| Shawarma, kuku, piza | hadi saa tatu na nusu | dakika 10 hadi 20 | nyama ya mwisho ya mkuki, umeme kukatika |
| Mkahawa wa hoteli | hadi saa nne, wakati mwingine zaidi | dakika 30 hadi 60 | bili, mashine ya kadi |
| Chumbani | wakati wowote, ukinunua kabla ya saa mbili | hakuna | kukosa maji na kisu |

Jumapili ondoa saa nzima katika kila mstari wa katikati ya mji. Maduka mengi na migahawa midogo haifungui kabisa siku hiyo.

Michopo: ndiyo ya kuchagua usiku, ukijua kuagiza

Kwa mtu mwenye njaa saa tatu usiku na mwenye gari la kumrudisha, michopo inashinda njia nyingine zote, na sababu si ladha peke yake. Ni chakula pekee cha usiku ambacho unakiona kikiwa kibichi, kikiwa motoni na kikiwa tayari. Hakihitaji umeme. SNEL, shirika la umeme la taifa, hukata umeme kwa zamu mitaani, na friji iliyozimika saa sita mchana ikarudi saa kumi na mbili jioni haikuambii kitu. Makaa hayana siri hiyo.

Mbuzi hukatwa vipande pamoja na mifupa, huchomwa juu ya wavu, hutiwa chumvi, kitunguu na pilipili, kisha huletwa kwenye sahani au kwenye karatasi nene. Hufuatana na kwanga (mkate wa muhogo uliofungwa kwenye majani), ndizi za kukaanga au bukari. Utaratibu wa kuagiza ni huu, na mpangilio wake una maana:

1. Salimu kwanza, kisha nenda hadi kwenye moto, usiagize ukiwa mezani. «Papa, jambo. Nyama ya mbuzi iko?» Mchomaji ndiye anayejua nini kimebaki, kijana wa vinywaji hujibu ndiyo kwa kila kitu.
2. Chagua kipande kikiwa kibichi. Nyama nzuri ni nyekundu na kavu kwa juu, mafuta yake meupe. Inayoteleza, au yenye harufu hata kabla hujainama, iache.
3. Patana bei kabla kisu hakijashuka. «Ni franga ngapi?» kwa kilo, kwa nusu kilo au kwa sahani. Uliza kama kwanga na kitunguu viko ndani ya bei hiyo.
4. Sema unachotaka kiwemo. Usiposema, utumbo na ini huchanganywa na nyama, na kwa wenyeji huo ni ukarimu. Asiyependa aseme mapema.
5. Pilipili iwekwe pembeni. Ya hapa haina mzaha.

Kiasi: nusu kilo yenye mifupa inamshibisha mtu mmoja mwenye njaa ya kutembea. Watu watatu wataridhika na kilo moja na robo pamoja na kwanga mbili. Mifupa na maji yanayokauka motoni hula sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo usishangae kilo ikifika mezani imekuwa ndogo. Si wizi.

Tofauti kubwa ni kati ya nyama iliyochomwa mara moja na ile iliyochomwa mapema ikawekwa kando ya wavu kungoja wateja. Hii ya pili hurudishwa motoni dakika chache na inaweza kuwa salama, mradi irudi hadi itoe moshi na mafuta yalie tena. Ikiletwa vuguvugu, irudishe. Iliyoanzia mbichi huhitaji zaidi ya nusu saa, na anayekuharakishia huwa anaweka nyama juu ya miali: mafuta yanadondoka, moto unaruka, nje panakuwa peusi na ndani karibu na mfupa pamebaki pabichi. Makaa yanayofaa yamevaa majivu ya kijivu na hayana miali. Fungua kipande kinene zaidi kwanza, ukitazame kwenye mfupa, ndipo uanze kula.

Kitunguu kibichi na nyanya ndivyo vinavyowaangusha wageni kuliko nyama. Haut-Katanga, jimbo la mji huu, hupata kipindupindu mara kwa mara, na mboga mbichi huoshwa kwa maji yaliyopo, yawe safi yasiwe. Omba kitunguu kipite motoni pamoja na nyama. Mchomaji atakifanya bila kuuliza na ladha inaongezeka. Maji yawe ya chupa uliyoifungua mwenyewe. Simba, bia inayotengenezwa hapa hapa mjini, hufika na kifuniko chake; ifunguliwe mbele yako, na barafu isiingie kwenye glasi.

Waislamu wana jambo la ziada la kuangalia. Mahali pengi mbuzi na nguruwe huchomwa jirani, wakati mwingine juu ya wavu mmoja na kwa koleo moja, na mchinjaji huwa haulizwi dini yake. Kwa anayehitaji nyama ya halali bila shaka, njia iliyonyooka ni kwa Walebanoni, kwa Wahindi au kwa watu wa Senegali na Mali wanaouza nyama ya kuchoma. Uliza wazi, hakuna anayechukia swali hilo.

Wapi? Kamalondo ndiyo mtaa wa zamani wa starehe na uko jirani kabisa na katikati ya mji. Ndiko kuliko uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011, na usiku wa mechi hesabu zote zilizo juu hubadilika: nyama nzuri huisha mapema, foleni ni ndefu, teksi hazishikiki. Ukitaka utulivu siku hiyo, nenda upande wa mtaa wa Bel-Air. Ukitaka kelele na unaijua timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano, fika saa moja usiku ukaagize kabla ya filimbi ya mwisho.

Majira nayo yana neno. Juni na Julai baridi ya usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, jambo linalowashtua wageni wanaodhani Kongo ni joto tupu. Nyama inapoa mezani kabla hujaimaliza, kwa hiyo agiza kwa awamu mbili na ukae karibu na moto. Kuanzia Novemba hadi Machi tatizo ni mvua. Mchomaji mwenye mwavuli tu hufunga kazi matone yakianza, hata kama wewe umeshalipa. Tafuta penye paa la mabati juu ya moto, si juu ya viti peke yake.

Samaki kwenye nganda

Nganda ni baa-mkahawa inayojulikana hasa kwa samaki. Tilapia mzima wa makaa huchukua dakika 30 hadi 45, kwa hiyo mwagize kabla ya kinywaji, wala usimwagize baada ya saa tatu. Tazama jicho: liwe limetuna na angavu. Mashavu ya ndani yawe mekundu.

Thomson ni habari nyingine. Ni samaki wa baharini anayeletwa akiwa ameganda, mwingi kutoka Namibia, na ni mtamu na wa bei nafuu. Jamii hii ya samaki ikikaa nje ya baridi hutengeneza histamini, sumu ambayo moto hauiondoi. Samaki anaweza kuwa ameungua kwa kukaangwa na bado akakudhuru. Dalili ni ulimi kuwasha kama pilipili mahali ambapo hakuna pilipili, kisha ndani ya dakika chache au saa moja uso kuwa mwekundu, moyo kwenda mbio na kichwa kuuma. Ulimi ukiwasha hivyo, acha papo hapo. Kwa sababu ya umeme unaokatika, thomson ni wa mchana.

Malewa: nafuu kuliko zote, lakini ni ya jioni

Malewa yanamaliza njaa kwa pesa kidogo kuliko chochote kingine mjini. Bukari, sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), maharage, kapenta (dagaa), bitoyo (samaki wakavu), kuku wa mchuzi: mama anapakua, unalipa, unakula. Hakuna menyu wala bili. Saa kumi na mbili na nusu jioni hapana ushindani. Mfanyakazi, mwanafunzi na dereva wa lori kutoka Tanzania hukutana kwenye benchi moja.

Shida inaanza baada ya saa mbili. Bukari huwekwa kwenye sanduku la kutunza joto au hufungwa donge donge kwenye mfuko wa plastiki, na hukaa vizuri saa moja, labda mbili. Baada ya hapo hufanya ganda, na mama hawezi kusonga sufuria mpya kwa mteja mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza usiku ni «Mama, jambo. Bukari iko moto?» Akisita, shukuru uende zako.

Angalia pia sufuria ya mboga iko wapi. Iliyo juu ya moto na inachemka inafaa. Iliyo chini sakafuni na kifuniko chake ni ya mchana. Sombe na maharage huvumilia kupashwa moto tena, mradi yachemke kweli. Kuku wa mchuzi na kapenta huvumilia kidogo. Mayai ya kukaanga yaliyopoa, usijaribu.

Bukari ya Lubumbashi huweza kuwa ya mahindi tupu au kuchanganywa na unga wa muhogo. Ya mchanganyiko inanata zaidi na hukaa tumboni muda mrefu. Aliyezoea sembe akiila saa mbili usiku atalala nayo. Mwombe mama ya mahindi. Unga mwingi wa mahindi hutoka Zambia, hivyo Zambia ikizuia kuuza nje, donge linapungua ukubwa kabla bei haijapanda. Uliza donge moja ni kubwa kiasi gani kabla ya kudharau la pili. Asiyekula nyama wala samaki aulize kuhusu sombe: mara nyingi ina samaki ndani ingawa haionekani.

Maji ya kunawa humiminwa kutoka kwenye jagi juu ya beseni. Beba kipande chako cha sabuni.

Shawarma na migahawa ya katikati

Ukiwa umeishia Place de la Poste au kwenye barabara kubwa za katikati, na mguu umechoka, hii ndiyo njia fupi. Taa ziko, meza ziko, unaweza kulipa kwa dola, na halali haina mjadala kwa wengi wao. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku nyama ya mkuki huzunguka kwa kasi na ni mbichi kwa maana nzuri ya neno hilo.

Karibu na kufunga mambo hubadilika. Mkuki umebaki mfupa wa katikati, nyama imepoa na kupashwa mara kadhaa, au jiko lilizimika umeme ulipokatika na jenereta likachelewa. Nyama inayokatwa lazima iwe inaonyesha ukoko uliotoka motoni dakika hiyo. Iliyokwisha kukatwa na kulundikwa kwenye trei irudi kwenye bamba la moto mbele yako. Mayonezi ndiyo kiungo cha hatari zaidi kwenye mkate huo, kwa sababu ya mayai na friji isiyotabirika. Omba isiwekwe. Kitunguu saumu kilichosagwa kwa mafuta na limau kinatosha, ingawa nacho hakipendi joto.

Baada ya saa tatu, kuku wa kuchoma mzima au nusu ni chaguo bora kuliko shawarma: unaona ngozi, unafungua paja, unajua. Piza ya tanuri nayo ni salama kwa kuwa hupita kwenye moto mkali mwisho kabisa. Wahindi hupika mchuzi na wali kwa mteja asiyekula nyama vizuri kuliko mtu yeyote mjini, lakini majiko yao hufunga mapema; piga simu kwanza.

Mkahawa wa hoteli

Hoteli inashinda katika hali mbili tu: unalala hapo hapo, au saa nne imekaribia na huna dereva. Nje ya hapo unalipia kitambaa cha meza. Kwenye hoteli kubwa sahani moja mara nyingi ni dola 15 hadi 30, na uliza kama kodi ya TVA, asilimia 16, imo kwenye bei ya menyu au itaongezwa chini ya bili.

Kinachowaponza wageni ni kuuliza mapokezi mkahawa unafungwa saa ngapi. Uliza asubuhi, kabla ya kutoka, jiko linapokea agizo la mwisho saa ngapi. Ukijua utachelewa, acha agizo mapokezi: sahani gani, watu wangapi, saa ngapi. Chagua kitu kinachopashwa bila kuharibika, supu au mchuzi na wali. Chipsi na nyama ya kubanika zikingoja huwa ngozi ya kiatu. Kadi ya Visa au Mastercard hupokelewa, mpaka mtandao wa mashine ukatike. Kuwa na noti za kulipia chakula chote hata kama unakusudia kutumia kadi.

Kula chumbani

Hii hudharauliwa bure. Mkate wa jioni, parachichi ikiwa ni msimu, karanga, ndizi, kopo la dagaa wa mafuta na maji lita moja na nusu: umeshiba bila kutoka gizani. Nunua kabla ya saa mbili, na uwe na kisu kidogo. Usiku zaidi, kwenye baa hupita vijana wanaouza mayai ya kuchemsha na chumvi yenye pilipili. Yai ambalo ganda halijapasuka, linalomenywa na wewe mwenyewe, ni mlo wa saa tano usiku ambao hauna mpinzani kwa bei na usalama. Chumvi yao iache, uwe na yako.

Pesa

Malewa na michopo ni faranga za Kongo, na ziwe noti ndogo. Aliye na noti ya 20,000 tu saa tatu usiku atangoja chenji mpaka nyama ipoe. Migahawa na hoteli hupokea dola, lakini dola hapa hukaguliwa kama pasipoti: yenye mpasuko wa milimita chache, mwandiko wa kalamu au ya toleo la zamani hurudishwa. Noti za dola 1 watu wengi hawazitaki kabisa. Ukilipa kwa dola utarudishiwa faranga kwa kiwango cha nyumba hiyo, ambacho si cha wabadilishaji wa barabarani. Badilisha mchana, hesabu ukiwa umesimama hapo hapo, na usiku usitoe bunda hadharani.

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinatumika sana, ila kwa laini iliyosajiliwa Kongo. Kuwa na M-Pesa ya Tanzania au Kenya hakukusaidii mbele ya mchoma nyama.

Kurudi

Teksi-basi hupungua sana kuanzia saa mbili, na baada ya saa tatu usizitie kwenye mpango. Pikipiki usiku tuiache: mashimo ni mengi na mitaa mingi haina taa. Kinachobaki ni teksi ya kukodi peke yako, na namna ya kuipata ni kuimiliki kabla ya kula. Mwombe mtu wa mapokezi akuitie dereva anayemfahamu, patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, lipa nusu. «Papa shofele, tutarudi 22h» kisha muagizie na yeye sahani. Gharama ya sahani hiyo ni ndogo kuliko ya kutafuta gari saa tano kando ya barabara, na dereva aliyeshiba haondoki.

Beba nakala ya pasipoti na ukurasa wa viza, ya asili ibaki hotelini. Askari wakisimamisha gari usiku, washa taa ya ndani, salimia, mwache dereva azungumze. Simu ya kupiga picha ikae mfukoni karibu na majengo ya serikali na kambi.

Kulingana na ulikomalizia matembezi

Ulikuwa ziwani upande wa Golf kuangalia jua likizama: kula pale pale, hoteli ya Grand Karavia au mahali jirani, kwa sababu kwenda Kamalondo na kurudi Golf ni safari mbili za teksi kwa mlo mmoja. Ulikuwa makumbusho au bustani ya wanyama na ukaishia katikati kabla ya saa mbili: shawarma au kuku, kisha hoteli kwa mwendo mfupi wa gari. Uko katikati na ni saa tatu, una dereva: michopo bila kufikiri. Uko katikati na ni saa tatu, huna dereva, hoteli yako iko mbali: mwite dereva kwanza, chakula utakikuta njiani au chumbani.

Aliyekwenda ziwa Kipopo, nje ya mji, asiache njaa ifike huko. Ondoka kabla ya magharibi, barabara ya kurudi si ya gizani. Na kama kikundi ni cha watu wanne au zaidi, mpigie mchoma nyama mkiwa bado njiani umpe idadi ya kilo. Nusu saa ya kuingia mjini ndiyo nusu saa ya nyama kuiva.